Kumwazima Mwanao Kisu

Huko Caney, katika milima ya Kentucky, mwanamume asiye na kisu mfukoni huulizwa kama suruali aliyovaa ni yake au ameazima. Delmer Stidham alipewa kisu cha kwanza akiwa na miaka tisa, na tangu hapo hakuwahi kutoka mlangoni bila kisu mfuko wa kulia, hata siku aliyooa, hata siku mke alipofungasha akaondoka. Cha sasa alikuwa nacho tangu ujana. Kilikuwa kisu cha kukunja, mpini wa mfupa, chuma cheusi kwa uzee lakini makali yake yananyoa. Alikatia kamba za marobota ya nyasi, alimenyea matofaa, alijitolea miba, na mwaka mmoja wa baridi kali alimkatia ndama kitovu.

Tena kisu cha Caney nusu ni chako, nusu ni cha watu. Jirani akiomba, unampa. Anayenyima ana mkono wa birika, na sifa hiyo atazikwa nayo. Ila kuna namna ya kutoa. Humpi mtu kisu kimefungwa, ukamwacha ahangaike kukifungua kwa ukucha wakati wewe unatazama. Huo ni ushamba. Unakifungua mwenyewe, unakishika kwenye ubapa wa chuma, unamwelekezea mpini. Akimaliza anakurudishia vilevile, kiko wazi, mpini mbele, nawe mwenyewe unakifunga. Kukifunga kisu alichofungua mwenzio ni kumtia nuksi, na watoto wa Caney huonywa hilo kabla ya kuonywa habari za moto. Hakuna anayelieleza kwa mtu mzima, maana hakuna mtu mzima asiyelijua. Delmer alifika uzeeni hajawahi kukutana na mtu wa namna hiyo.

Watu hao alikutana nao Dayton, kule Ohio. Mwezi wa Novemba alianguka ghalani kwake akalala sakafuni usiku kucha, mpaka jirani alipokuja asubuhi kuuliza mbona ng'ombe wanalia. Daktari akasema ni kiharusi, kidogo. Marlena, mtoto wake wa pekee, akaja na gari, akamkunjia nguo kwenye masanduku, akamwambia, "Baba, ni kwa msimu huu wa baridi tu." Delmer alimwamini. Nadhani hata Marlena mwenyewe alikuwa anaamini.

Huyu Marlena aliondoka Caney na mama yake akiwa na miaka saba. Baada ya hapo alikuwa anakuja kwa baba wiki moja moja za kiangazi, na wiki zenyewe zilikwisha kwa kula aiskrimu na kuoneana haya. Kwa hiyo alikua mtoto wa mjini. Alipata shule nzuri, kazi nzuri, na mume mpole anayeitwa Curtis ambaye mikono yake ilikuwa laini kuliko ya mchungaji wa kanisa.

Nyumba yao ilikuwa nzuri, wala simsemi mtu vibaya kwa sababu ya nyumba nzuri. Lakini ilikuwa nyumba ya kufungwafungwa. Mlango wa mbele ulitaka tarakimu. Nje, barabara haikuwa na pa kutembea mtu wa miguu, na nyumba zote zilifanana kiasi kwamba Delmer alitoka mara moja tu, akarudishwa na mama mmoja wa jirani aliyemkuta anajaribu mlango usio wake. Kubwa kuliko yote ni kigeti. Juu ya ngazi, nje ya chumba chake, waliweka kigeti cha plastiki ili mjukuu, Maeve, aliyekuwa ndiyo kwanza anatambaa, asije akaporomoka. Kigeti kile hakifunguki mpaka ubonyeze kitufe huku na kitufe kule kwa mara moja, kisha uinue. Mkono wa kushoto wa Delmer tangu kiharusi ulikuwa unashika, lakini kubonyeza ndiko kulikoushinda.

Basi akitaka kushuka, aliita. Mtu aliyewahi kumwangusha fahali kwa mikono mitupu anasimama juu ya ngazi anaita, "Marlena! Niko hapa juu!" Chini ya ngazi palikuwa na kigeti kingine, na hapo Maeve naye amekishika analia anataka kupanda. Marlena alikuwa anaanza na mtoto, kisha ndiyo anamjia mzee. Delmer aliona aibu mpaka masikio yakamwaka, kila siku upya, wala hakuzoea.

Vitu vyake vilimtoka kimoja kimoja, na vyote vilitoka kwa kuazimwa. Curtis aliomba funguo za gari lake la mizigo ili alisogeze lisizibe njia. "Nakurudishia sasa hivi, mzee." Marlena aliomba bunduki ya ndege, "nikuwekee mahali pazuri, baba." Akaomba na kiberiti. Vyote vikaingia kwenye kabati refu la ukutani karibu na jiko, linamowekwa dawa, lenye ufunguo. Angenyang'anywa, angepigana, na pengine angeshinda. Lakini wewe utapigana vipi na mtu anayekuomba kwa adabu, huku amebeba mjukuu wako?

Kisu kilisalimika kwa kuwa hawakujua kama kipo. Kilijitoa chenyewe, naweza kusema. Nyumba ile ilipokea maboksi kama zahanati inavyopokea wagonjwa, na siku moja Curtis alikuwa analipigania boksi kwa ufunguo wa gari, halafu uma, halafu meno. Delmer alivumilia mpaka kwenye meno. Mkono ukaingia mfukoni, kisu kikafunguka, ta!, mpini mbele.

Curtis akaruka nyuma mpaka friji ikatikisika. "Mzee! Unatembea na hicho tangu lini?"

"Tangu baba yako hajajua kuvaa suruali. Shika."

"Sasa... nashika wapi?"

"Upande usiokata, kijana."

Marlena alicheka mpaka akakaa chini. Boksi likafunguka kwa mkato mmoja, na Curtis akabaki anakitazama kile kisu kama aliyepewa kifaranga cha tai. Kuanzia hapo mambo yakageuka. Kila boksi, kila kamba, kila mfuko uliokataa, ikawa, "Baba, kisu chako!" Katika nyumba ile yote, huo ndio wito pekee aliokuwa anaitwa usiohusu vidonge.

Ole wake kisu. Curtis alikifanya bisibisi, ncha ikamegeka. Marlena alikatia mkate ulioganda, kisha akakitia kwenye mashine ya kuoshea vyombo, mpini ukatoka mweupe mithili ya mguu uliolala majini. Yule mama wa jirani alikiazima uani, akakirudisha amekishika kwa vidole viwili, kama panya aliyekufa. Jioni Delmer alikaa na kinoo chake cha mfukoni, akanoa, akasonya, akaapa kwamba kesho hampi mtu. Kesho wakiita, alishuka akiwa na kisu tayari.

Jambo moja lilimpoza roho. Pamoja na ujinga wao wote, walikuwa wanamrudishia kisu kikiwa wazi. Curtis wazi, Marlena wazi, hata yule jirani wazi. Wala hakumfundisha mtu. Delmer akawaza kwamba kuna mambo yamo kwenye damu, na kwamba Marlena, hata kama amekulia kwenye lami, ni wa Caney. Na mumewe ameiga kwake. Alikuwa anakipokea, anakifunga taratibu, anasema asante, moyo umetulia. Masikini mzee. Walikuwa wanakirudisha wazi kwa sababu hakuna hata mmoja wao aliyejua kinavyofungwa.

Jumamosi moja asubuhi kikaja kitanda kipya cha Maeve, kwenye boksi refu. Delmer alikuwa bado juu. Marlena akapanda mbio hadi kwenye kigeti, mtoto kiunoni, akapitisha mkono juu yake. "Baba, niazime kisu, nakuja kukushusha sasa hivi."

Delmer akakifungua, akampa mpini.

"Asante, baba."

"Kata kutoka kwako, mama. Siyo kuja kwako."

"Najua, najua."

Akashuka. Delmer akasikia boksi linapasuka, akasikia Curtis akiingia na kutoka, mlango wa gereji, mbao zikigongana, Maeve akipiga kelele za furaha. Akasubiri aitwe. Akaketi kitandani, akasimama. Akaenda kwenye kigeti.

"Marlena! Niko hapa!"

Chini wakawasha mashine ya kufyonza vumbi, maana boksi lilikuwa limemwaga chengachenga za plastiki na Maeve alikuwa anazila. Hapo ndipo lilipotokea lililotokea. Marlena alikuwa na kisu mkono mmoja na bomba la mashine mkono mwingine, mtoto yuko miguuni. Akataka kukifunga kisu, akasukuma kidogo, akaona springi inakataa kama inataka kumng'ata, akaogopa. Kukiacha mezani hawezi, Maeve ameanza kushikilia meza na kusimama. Akavuta droo ya juu jikoni, ile ya taulo za vyombo, akakiweka humo vilevile kiko wazi, akafunga droo. Alijiambia atampa baba mara tu atakapomshusha.

Delmer hakuyaona hayo. Alisimama juu, mkono kwenye kigeti, anaita ndani ya kelele za mashine. Mashine ikazimwa. Pakawa kimya kidogo, maji yakasikika bombani, kisha Curtis akapiga yowe.

Halikuwa yowe refu. Lilifuatiwa na sauti ya Marlena, "Mungu wangu, Mungu wangu, usiangalie, inua mkono juu!" na Maeve akaanza kulia. Delmer alijua bila kuambiwa. Kisu kina namna yake ya kunyamaza kwanza. Akakishika kile kigeti, akabonyeza, kidole gumba cha kushoto kikateleza. Akabonyeza tena, kikateleza tena. Akakitikisa kwa mikono yote miwili mpaka chokaa ikadondoka ukutani. Alijaribu kuinua mguu apite juu yake, akaona ngazi zinamzunguka chini, akaurudisha. Huko chini watu wake walikuwa wanatokwa damu kwa kisu chake, naye amezuiwa na plastiki ya mtoto mchanga.

"Nifungulieni!" akapiga kelele. "Marlena! Najua kufunga jeraha! Nifungulie!"

"Baba, kaa huko huko!" Marlena akajibu. "Tunakwenda hospitali! Usitoke hapo!"

Atoke, aende wapi? Gari likaondoka. Alikaa chini pale pale, mgongo ukutani, miguu imenyooka mbele ya kigeti, na akalia, nalo nalisema waziwazi kwa kuwa hapakuwa na mtu wa kumwona.

Walirudi mchana. Curtis alikuwa amefungwa bandeji kiganja kizima. Alikuwa amepitisha mkono kwenye droo ya taulo kutafuta lililo kavu, makali yakampokea katikati ya vidole. Vidole vimesalimika, daktari alisema, mshipa umekoswa kwa kidogo tu. Yeye mwenyewe ndiye aliyepanda kumfungulia mzee, kwa mkono mmoja, akibana kitufe cha pili kwa kiwiko.

"Pole, mwanangu," Delmer akasema. "Pole sana."

"Si kosa lako, mzee. Hata kidogo. Ajali tu."

Delmer alitamani atukanwe. Matusi yana mlango wa kutokea. Huruma ile haikuwa na mlango. Akashuka nyuma yake hatua kwa hatua, akishika ukuta.

Jikoni Marlena alikuwa amelaza mtoto, amekaa mezani. Mbele yake palikuwa na taulo limekunjwa, na ndani ya taulo kisu, kimeoshwa, bado kiko wazi.

"Kaa, baba."

"Nimekaa sana leo." Lakini akakaa.

"Kwa nini hukunipa kimefungwa?"

"Kimefungwa?" Delmer hakuelewa swali. "Nikupe kimefungwa kwani wewe ni adui yangu? Mtu anapewa kisu wazi. Anarudisha wazi. Mnajua hilo, mmekuwa mnafanya hivyo siku zote."

Marlena na mumewe wakatazamana.

"Mzee," Curtis akasema polepole, "sisi hatujui kukifunga."

Ile heshima aliyokuwa anapokea kila jioni, ile damu ya Caney aliyoiona kwa binti yake, kumbe haikuwapo. Kilichokuwapo ni watu wawili wanaoogopa springi. Na yeye, kwa kujifurahisha, hakuuliza.

"Angekuwa Maeve," Marlena akasema. "Yule sasa anavuta droo, baba. Anavuta kila droo."

"Najua."

"Siwezi. Samahani. Siwezi kulala nikijua kipo." Akafuta uso kwa kiganja. "Nitakiweka kabatini. Ukikihitaji, unaniambia, nakupa, ukimaliza tunakirudisha. Unaniazima siku zote, sasa mimi nitakuazima wewe. Sawa?"

Alisema kwa upole kabisa. Delmer akatazama kabati lile la ukutani. Humo mlikuwa na gari lake, bunduki yake na kiberiti chake. Akajua kwamba akikubali, kesho hatakuwa na kitu hata kimoja cha kuombwa, na mtu asiye na cha kuombwa katika nyumba ya watu ni mzigo uliowekwa juu.

Marlena akalifunua taulo, akakishika kisu kwa mpini, akasita. Kabati lenyewe lilikuwa na rafu za dawa, chupa, vidonge vya watoto. Mkono unaingia humo gizani mara ngapi kwa siku. Hawezi kukiweka kiko wazi. Ndipo wote watatu walipoona kwa pamoja kwamba anayejua kukifunga ni mzee peke yake.

Delmer alinyoosha mkono. "Lete nikifunge."

Marlena alikaribia kumpa. Kisha akavuta mkono nyuma. "Hapana. Nifundishe."

"Kisu hiki kina ukaidi. Kimemzoea mwenyewe," Delmer akasema, na huo ulikuwa uongo, mtoto wa miaka tisa wa Caney hukifunga gizani. Lakini uongo ulikuwa na njia ndani yake na aliiona yote. Akisema tu kwamba hakifundishiki, kisu kitabaki kwake. Watalazimika kumwita kila mara. Kitakuwa wazi kwa mkono wake na kufungwa kwa mkono wake, na kabati halitakimeza. Ilitosha anyamaze.

"Nitajaribu mwenyewe basi," Marlena akasema.

Akakishika. Alikishika vibaya kabisa, vidole vinne vimeuzunguka mpini, ncha zake zimelala ndani ya mfereji ule ule ambamo chuma kinarudi, na kiganja cha pili kimeshaanza kusukuma mgongo wa kisu. Springi ikaanza kukubali.

"Acha!"

Marlena akaganda.

Delmer alikwisha kusimama, wala hakukumbuka kusimama kwake. Akaenda nyuma ya kiti cha binti yake, akainama, mkono wake wa kulia juu ya wake. Mikono ya Marlena ilikuwa ya baridi. Hakuwa ameishika tangu ilipokuwa midogo.

"Toa vidole kwenye mfereji. Vyote. Shika mbavuni tu, hivi. Gumba upande huu, hivi vingine upande ule. Unaona sasa hakuna kidole njiani?"

"Naona."

"Sasa kiganja bapa mgongoni mwa chuma. Sukuma. Kitakukatalia mwanzo, usiogope, usiachie katikati. Kikifika nusu kitataka kwenda chenyewe. Wewe ukiache kiende."

Marlena akasukuma. Springi ikakataa, ikakaza, ikalegea. Ta! Kikafunga, na vidole vyote kumi viko salama. Akageuza uso juu kumtazama baba yake, na kwa muda mfupi alikuwa mtoto wa miaka ile waliyopoteza.

"Nimeweza!"

"Umeweza," Delmer akasema.

"Rahisi hivyo?"

"Ndiyo. Ni rahisi."

Curtis akapumua. Marlena akainuka na kisu mkononi, funguo za kabati mkono mwingine. Delmer akamshika bega akamrudisha kitini. Aliona vidole vyake bado vinatafuta mahali pa kukaa, bado vinakisia. Kitu cha kukisia kitakuja kumkata siku moja, asubuhi ya haraka, mtoto akilia.

"Kifungue," akamwambia. "Rudia tena. Mpaka mkono ujue."

Alirudia mpaka akaweza bila kutazama vidole vyake, kisha akainuka akaenda kukifungia kabatini.